Mnandi wa Peru na Dagaa wa Mama

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa jiografia alituandikia ubaoni sentensi moja tu kuhusu nchi ya Peru: kwamba ina samaki wengi kwa sababu ya mkondo baridi wa bahari, na ina ndege wengi ambao kinyesi chao ni mbolea. Tukanakili. Wavulana wa nyuma wakacheka kwa ajili ya neno kinyesi, kengele ikalia, tukaenda kula. Kwenye mtihani swali hilo halikuja, na mimi Peru nikaisahau kama unavyomsahau mtu uliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala.

Miaka ikapita. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakawa yale ambayo si lazima niyataje hapa, na sasa namsaidia Mama biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Usiku naandika riwaya yangu ambayo haiishi. Jumapili jioni napenda kwenda kukaa karibu na Jiwe la Bismarck, kwa sababu pale naweza kuwaza bila kuulizwa bei.

Juu ya jiwe lile wanakaa minandi. Ndugu msomaji, hata kama hulijui jina, ndege mwenyewe umemwona: mweusi, shingo ndefu, mdomo wenye ncha iliyopinda kama ndoana. Akitoka majini hutanua mbawa zake juani kama mtu anayeanika koti. Manyoya yake yanalowa kuliko ya bata, na kulowa huko ndiko kunakomsaidia kuzama na kumfukuza samaki chini ya maji. Kuanika ndiyo gharama yake. Jiwe wamelipaka chokaa kwa kinyesi chao.

Siku moja Mama alinifuata pale, akawatazama kwa muda, kisha akasema: "Hao nao wavuvi, mwanangu. Tena hawalipi ushuru."

Nikacheka. Halafu lile neno la ubaoni likanirudia. Nikaanza kutafuta, kwenye vitabu vya kuazima na kwenye simu, habari za yule ndege wa Peru. Kumbe naye ni mnandi! Ni ndugu wa hawa wetu, ila kifua chake ni cheupe na jina lake kwa watu wa kule ni guanay. Na kumbe ile sentensi moja ya mwalimu ilikuwa imefunika hadithi ambayo mimi na riwaya yangu hatuwezi kuitunga. Ndiyo nataka kuisimulia.

*

Tuanze na bahari yenyewe. Pwani ya Peru ni jangwa. Nchi kavu haioti kitu, lakini bahari inachemka kwa uhai. Sababu ni upepo. Upepo wa kusini hupiga sambamba na pwani na kuyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na nafasi yao huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini. Maji hayo hubeba rutuba iliyolala kilindini. Yakifika juani, viumbe vidogo mno viitwavyo planktoni huzaliana bila hesabu, na planktoni huliwa na samaki mdogo aitwaye anchoveta, ambaye ukimtazama utasema ni dagaa aliyenenepa. Anchoveta ndiye karibu chakula chote cha guanay. Pamoja na guanay wanakula mwari na ndege mwingine mweupe mpiga mbizi aitwaye piquero.

Ndege hawa hulala na kuzaa kwenye visiwa vya mawe karibu na pwani. Guanay hubanana mno: viota vitatu hivi katika meta moja ya mraba, kisiwa kizima kikawa cheusi kama kimemwagiwa lami. Na kwa kuwa mvua hainyeshi, kinyesi chao hakioshwi. Kinakauka, kinarundikana, mwaka juu ya mwaka, karne juu ya karne. Hicho ndicho kinachoitwa gwano, neno lililotoka katika lugha ya Kikechua ya watu wa milimani.

Wainka waliijua thamani yake. Garcilaso de la Vega, ambaye baba yake alikuwa Mhispania na mama yake binti wa ukoo wa kifalme wa Inka, aliandika katika kitabu chake cha 1609 kwamba zamani za wafalme hao ilikuwa marufuku kuwaua ndege hao, na marufuku kukanyaga visiwa wakati wa kuzaa. Adhabu ilikuwa kifo.

Wazungu walichelewa kuelewa. Mwaka 1802 mtaalamu wa Kijerumani Alexander von Humboldt alifika Peru, akauona unga ule wa njano ukipakuliwa, akachukua kiasi kwenda nao Ulaya kupimwa. Ilipofika miaka ya 1840 biashara ikalipuka. Mashamba ya Uingereza na kwingineko yalikuwa yamechoka, na gwano ilikuwa na naitrojeni na fosforasi kuliko samadi yoyote waliyoijua. Kwenye visiwa vya Chincha marundo yalipita meta 30 kwenda juu. Kwa miaka 40 hivi Peru ikasafirisha zaidi ya tani milioni 10.

Usifikiri mali ile ilichimbwa kwa raha. Kati ya 1849 na 1874 Wachina karibu 100,000 walipelekwa Peru kwa mikataba ambayo wengi wao hawakuielewa, na baadhi yao walitupwa kwenye visiwa vile kuchimba kinyesi juani, vumbi la amonia likiwaunguza macho na mapafu. Mwaka 1864 Hispania ikatuma manowari kuviteka visiwa vya Chincha. Naam, mataifa yakapigania mavi ya ndege! Na wakati wote huo, ndege aliyeitengeneza mali hiyo alifukuzwa, mayai yake yalikanyagwa, na makinda yake yalifukiwa na majembe. Ilipofika miaka ya 1870 marundo ya kale yalikuwa yanaisha.

*

Sasa hapa ndipo wanasayansi wanapoingia, na hapa ndipo nilipoacha kulala mapema.

Mwaka 1909 serikali ya Peru iliunda kampuni ya kusimamia gwano. Wazo lake lilikuwa jipya: tusichimbe akiba ya mababu, tuwatunze ndege watuzalishie mpya kila mwaka. Visiwa vikawekewa walinzi. Kila kisiwa kikavunwa kwa zamu na kupumzishwa. Baadaye, kwenye rasi za bara, zikajengwa kuta ndefu kuzuia mbweha na watu, ili ndege wapate mahali pengine pa kuzaa. Mtaalamu wa samaki kutoka Marekani, Robert Coker, alikuwa ameshaitwa kuchunguza visiwa hivyo hata kabla kampuni haijaanzishwa. Mwenzake, Robert Cushman Murphy, alikuja 1919, na kitabu chake juu ya visiwa hivyo kilitoka 1925. Ni Murphy huyo aliyemtangaza guanay kuwa ndege wa porini mwenye thamani kubwa kuliko wote duniani.

Lakini ninayempenda mimi ni William Vogt. Huyu hakuwa msomi mkubwa wa chuo. Alikuwa mhariri wa gazeti la mambo ya ndege kule Marekani, na alikuwa amepoteza kazi hiyo. Tangu utotoni alikuwa akichechemea kwa sababu ya polio. Mwaka 1939 kampuni ya gwano ikampa kazi: akae visiwani atafute njia ya kuongeza ndege, maana ndege wakiongezeka gwano inaongezeka, na gwano ikiongezeka fedha inaongezeka. Swali rahisi la mfanyabiashara.

Vogt akakaa kwa miaka mitatu. Hebu mfikirie mtu huyo mwenye mguu mbovu, kwenye jiwe lisilo na mti hata mmoja, katikati ya ndege milioni na harufu yake. Alipima joto la maji. Alichunguza planktoni. Alitazama wanachokula, wanavyozaa, wanavyokufa. Na bahati yake, au bahati mbaya ya ndege, miaka hiyo maji ya bahari yalipata joto.

Joto hilo ndilo El-Nino. Sisi jina hili tunalijua. Mama hadi leo anahesabu mambo kwa mvua za El-Nino za 1997, zilizobomoa madaraja na kuharibu barabara. Jina lenyewe lilitoka kwa wavuvi wa kaskazini mwa Peru. Waliona mkondo wa joto ukija karibu na Krismasi, wakauita Mtoto, yaani mtoto Yesu. Kwa kawaida ni joto dogo linalopita. Lakini kuna miaka linakuwa kubwa na kukaa miezi mingi. Hapo maji baridi yenye rutuba hubaki chini, planktoni hupungua, na anchoveta hushuka kilindini au kuhama. Guanay anazama, lakini hazami kiasi hicho. Basi wazazi huacha mayai, huacha makinda yakilia, huruka kwenda kutafuta chakula mbali. Wengi hufa njiani, na pwani hujaa mizoga.

Vogt aliyaona hayo kwa macho yake. Ripoti aliyoiandika mwaka 1942 haikuwa ile waliyoilipia. Kwa ufupi aliwaambia hivi: ndege hawaongezeki kwa kuamriwa. Idadi yao inashikwa na chakula, na chakula kinashikwa na bahari. Mnaloweza kufanya ni kuwapunguzia bughudha. Zaidi ya hapo mnataka bahari itoe isichokuwa nacho.

Mimi, ambaye nimezoea kuulizwa "kwa hiyo hicho unachoandika kinalipa?", nilimheshimu sana mtu huyo. Alilipwa ajibu swali, akarudi na habari kwamba swali lenyewe limekosewa.

*

Hata hivyo ulinzi ulisaidia. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 ndege wa gwano walikuwa kiasi cha milioni 28. Ukiishia hapo, hii ni hadithi nzuri.

Lakini miaka hiyo hiyo ilizaliwa biashara nyingine. Huko California sadini walikuwa wamekwisha kwa kuvuliwa mno, na mitambo ya viwanda vilivyokufa ikauzwa Peru kwa bei ya kutupa. Kazi yake ilikuwa kuwageuza anchoveta kuwa unga wa samaki. Si wa kula watu! Unga ulikwenda Ulaya na Marekani kulisha kuku na nguruwe. Tani tano hivi za samaki hutoa tani moja ya unga. Kampuni ya gwano ilipinga, ikasema mnawanyang'anya ndege wetu chakula. Kwa muda ilisikilizwa. Baadaye fedha ya unga ikawa kubwa kuliko fedha ya kinyesi, na sauti yake ikafifia.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu, maana hesabu hii ndiyo moyo wa makala yangu. Mwaka 1957 El-Nino kubwa ikaja, na ndege wakaanguka kutoka milioni 28 hadi kama milioni 6. Ni msiba, lakini kuanguka si jambo geni kwa guanay. Ameanguka na kuinuka tangu enzi za Wainka. Na kweli walianza kuinuka, wakafika kama milioni 17. Mwaka 1965 El-Nino nyingine ikaja, wakaanguka hadi milioni 4 hivi. Safari hii hawakuinuka tena kama zamani. Kwa nini? Bahari ilipopoa na samaki kurudi, palikuwa na mtu mwingine mezani. Mameli yenye nyavu za kuzungusha yalikuwa yameshakaa kwenye kiti cha ndege.

Ilikuwapo taasisi ya utafiti wa bahari, iliyoanzishwa 1964, na wataalamu wake hawakuwa wajinga. Walikadiria kwamba bahari ile inaweza kutoa kama tani milioni 9 na nusu za anchoveta kwa mwaka bila kuharibika. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Milner Schaefer, alichapisha 1970 makala juu ya watu, ndege na anchoveta, na ndani yake alimhesabu ndege kama mvuvi. Ni kama vile alivyosema Mama! Lakini ona hatari iliyojificha. Ukishamwandika ndege kama mvuvi, ndege akifa, samaki wake anaonekana kama nafasi tupu kwenye meli. Ni rahisi kusema: huyu hali tena, basi sisi tuongeze.

Wakaongeza. Mwaka huohuo wa 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki huyo mmoja. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa uzito wa samaki. Mwaka 1972 El-Nino ikarudi. Samaki waliobaki walijibana karibu na pwani palipokuwa na maji baridi kidogo, na meli zikawafuata hukohuko. Mwaka 1973 mavuno yalikuwa chini ya tani milioni 2. Viwanda vikafungwa, serikali ikavitaifisha vilivyobaki, na maelfu ya wavuvi wakakaa vijiweni.

Wakasema ni ajali, hakuna aliyejua. La hasha! Ndege walikuwa wamesema miaka saba kabla. Tangu 1965 visiwa vilivyokuwa vyeusi vilikuwa vyeupe, na mtu yeyote mwenye macho aliweza kuviona. Tatizo ni kwamba ndege aliandikwa kwenye daftari la kampuni ya gwano, samaki kwenye daftari la viwanda, na fedha kwenye daftari la serikali. Kila daftari peke yake lilikuwa sawasawa. Wachache mno walioyasoma kwa pamoja, na waliposema, msimu ulikuwa umeshafunguliwa.

*

Guanay hakuisha. Samaki walirudi baada ya miaka mingi, uvuvi ukawekewa mipaka mikali zaidi, na mwishoni mwa 2009 visiwa na rasi 33 za gwano zikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 2010 watafiti walichapisha jambo lililonifurahisha sana. Waliwafunga guanay vifaa vidogo vya kuonyesha mahali walipo, wakagundua kwamba ndege wakitoka kisiwani hutua kwanza majini kwa kundi kubwa. Kundi hilo hujipanga kuelekea kule ambako wenzao wanarudi wameshiba. Anayetoka analitazama kundi, anajua njia. Yaani wanaambizana chakula kilipo, bila mmoja kumficha mwenzake! Lakini kundi likiwa dogo mno, ramani hiyo inakufa, na huenda ni sababu mojawapo ya wao kuinuka taratibu. Halafu mwishoni mwa 2022 na mwaka 2023 mafua ya ndege yaliingia pwani ile, yakaua mamia ya maelfu ya ndege wa bahari. Wale milioni 28 hawajaonekana tena.

Sasa nirudi nyumbani, maana sikuanza kuandika kwa ajili ya Peru tu.

Ziwani kwetu, miaka ya 1970, samaki wengi zaidi chini ya maji walikuwa furu, wale wadogo wa rangi nyingi. Walionekana ni takataka. Mwaka 1976 kikafunguliwa hapa Mwanza kiwanda cha kuwageuza unga wa kulishia mifugo. Haukupita muda sangara, aliyeletwa ziwani tangu miaka ya 1950, akafurika na kuwamaliza furu, aina kwa mamia. Waliobaki kwa wingi ni dagaa. Dagaa ndiye aliyenilipia ada. Na leo sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili haiendi kwenye sufuria ya mtu. Inasagwa kuwa chakula cha kuku.

Wanunuzi hao huja Mwaloni na malori. Hawachagui, wananunua hata dagaa wenye mchanga, tena kwa magunia, fedha mkononi. Mama Ntilie anayetaka sado moja hawezi kushindana nao. Mwezi uliopita Mama aliniuliza, huku akipepeta: "Tuwape hawa wa kuku wote, au tuwabakishie wateja wetu?" Nilimtajia habari za Peru. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni msikivu, kisha akasema: "Sawa. Na kodi ya chumba tutamlipa mwenye nyumba kwa habari za Peru?"

Sikuwa na jibu. Tuliuza magunia mawili kwa wa kuku, moja tukabakiza.

Siwezi kusema kwamba ziwa letu litakuwa kama bahari ile. Dagaa wetu si anchoveta, na mimi si mtaalamu. Lakini Vogt naye alianza kwa kukaa na kutazama. Kwa hiyo nimechukua daftari la kaunta, lile nililolitenga kwa sura ya nane ya riwaya, nikalipiga mistari. Kila Jumapili jioni nahesabu minandi juu ya Jiwe la Bismarck, mara mbili ili nisijidanganye, naandika idadi. Pembeni yake, ukurasa uleule, naandika bei ya sado ya dagaa kwa wiki hiyo. Hadi sasa nina Jumapili kumi na moja. Hazijasema kitu bado.

Nawe unayesoma, unayetaka kuwa mwandishi kama mimi, mahali ulipo lazima kuna kitu ambacho kila mtu anakiona na hakuna anayekihesabu. Anza nacho. Mama ameshaanza kuniuliza kila Jumapili nikirudi, kabla hata sijavua viatu: "Leo wangapi?"